Kusoma si Kupaza Sauti

Mtu apitaye njia ya Nunguni, katika milima ya Kilungu huko Makueni, hakosi kusikia watoto wa shule wakisoma Kiingereza kwa pamoja. Sauti zao zapendeza, na mzazi aliye shambani huinua kichwa akafurahi. Lakini mtoto mmoja akiitwa kando na kuulizwa habari aliyoisoma yahusu nini, mara nyingi hutazama chini. Debe tupu haliachi kuvuma.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1976 Tume ya Gachathi ilipendekeza kwamba madarasa matatu ya kwanza katika Kenya yafundishwe kwa lugha ya mahali, na lugha hiyo huko Kilungu ni Kikamba. Kutoka darasa la nne masomo karibu yote huwa kwa Kiingereza. Basi asiyefahamu asomayo haanguki katika Kiingereza peke yake. Hata hesabu, ambayo angeiweza, humshinda kwa kuwa swali lenyewe hakulielewa.

Kikamba hakina sauti ya "r". Mtoto akisoma "rice", yaani mchele, huenda akatamka "lice", yaani chawa. Wenzake hucheka, mwalimu huusahihisha ulimi wake mpaka kengele ilie, wala hakuna amwulizaye kama ameielewa habari. Tena Kiingereza husema "he" kwa mwanamume na "she" kwa mwanamke, hali Kikamba, kama Kiswahili, hakiwatengi hivyo. Katika hadithi ya kaka na dada, mtoto asiyeonyeshwa tofauti hiyo hatajua ni nani aliyetoa kitabu na ni nani aliyekipoteza.

Mwalimu mwenye busara hutanguliza maana. Kabla ya kusoma hueleza maneno magumu mawili matatu, kwa kitu chenyewe au kwa picha. Kisha watoto husoma kimya, ili akili ishike habari badala ya kuhangaika na matamshi. Mwisho huuliza maswali, wala si yale tu ambayo majibu yake yameandikwa. Mathalani, kitabu chasema kwamba mama aliona mawingu meusi, akawaita watoto, wakaanua mahindi haraka. Kwa nini? Neno mvua halimo, lakini mtoto wa Kilungu ameanua mahindi mara nyingi. Akishalijua neno "clouds", jibu analo, na hapo hutambua kwamba Kiingereza nacho chaweza kueleza mambo ya kwao.

Akijibu kwanza kwa Kikamba, asikemewe; asaidiwe kulisema jibu lile lile kwa Kiingereza. Zamani, katika shule nyingi za Kenya, mtoto aliyesema lugha ya mama alivikwa kibao shingoni. Kibao hicho kiliwafundisha wengi kunyamaza, na anyamazaye hawezi kuonyesha alipokwama.

Mzazi asiyejua Kiingereza naye asidhani kwamba hana kazi. Jioni na amwambie mtoto asome ukurasa mmoja, kisha amsimulie kwa Kikamba yaliyomo. Akisimulia sawasawa, amefahamu. Akibabaika, na arudie. Kazi hii haina ada, wala haitaki cheti. Yataka robo saa, taa, na mzazi aliye tayari kusikiliza.