Maharage ya baridi na magadi (Sehemu ya 9)

Julai hii baridi ya Arusha imekolea, Mlima Meru umejificha, na maharage ya masika ndiyo tunavuna bustanini. Mkaa bei juu, basi mkono unakimbilia magadi ili yaive haraka. Hapo nisikilizeni. Maji mengi ya huku kwetu tayari yana floraidi nyingi, magadi yanaongeza nyingine. Meno ya mtoto yanaharibika yakiwa bado yanajijenga ndani ya taya. Yakishaota na rangi ya kahawia, mswaki hauitoi. Na kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Loweka maharage usiku kucha, asubuhi bandika. Ulikinga maji ya mvua? Mpikie mtoto hayo. Kesho tuongee mnavu.