Shubiri Moja ya Mtandao

Mmezoea niwaletee riwaya. Leo nina mwalimu wa uhandisi. Aditya Jagannatham anafundisha IIT Kanpur, India, na mihadhara yake kuhusu mawasiliano yasiyotumia waya inapatikana mtandaoni kupitia NPTEL, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 na vyuo vya IIT pamoja na taasisi ya sayansi ya Bangalore. Mdogo wangu, anayesomea mawasiliano Dar es Salaam, ndiye anayemfuatilia. Mimi nilikaa pembeni kumsindikiza tu, nikanogewa.

Kilichoninogesha ni somo la kufifia kwa mawimbi. (Video yenyewe ilikuwa inakwamakwama, lakini tuyaache hayo.) Mawimbi yakitoka mnarani hayaji kwa njia moja. Mengine yanagonga ukuta, mengine bati, mengine ubavu wa mlima, na yote yanafika kwenye simu yako yakiwa yamepishana kidogo. Yakikutana kilele kwa kilele, yanasaidiana. Yakikutana kilele kwa bonde, yanauana, na mtandao unakata huku mnara unauona kwa macho yako. Kwenye masafa ya megahezi 900, wimbi moja lina urefu wa sentimita 33 hivi. Nusu yake haifiki hata shubiri. Yaani ukisogeza simu shubiri moja tu, unaweza kutoka kwenye ukimya ukaingia kwenye sauti.

Bibi yetu kule Lushoto ana jiwe lake nyuma ya jiko. Mgeni akitaka kupiga simu anaambiwa, "Kanyaga hapo hapo, mjukuu wangu, na usitikisike." Mjomba humcheka, eti bibi ana mganga wa mtandao. Kumbe bibi amefanya vipimo.

Sasa, mdogo wangu anaweza kukokotoa haya yote kwa kalamu, kurasa tatu bila kusita. Nilipomwambia ampigie bibi amweleze kwa nini jiwe lake linafanya kazi, alikwama kwenye sentensi ya pili. Si kwamba hajaelewa. Kila neno alilofundishwia, tangu kidato cha kwanza, ni la Kiingereza, na bibi hana Kiingereza. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Huyu kijana ataajiriwa kusimamisha minara kwenye vijiji vya watu kama bibi, halafu azungumze nao nini?

Basi tunasikiliza tukiwa na daftari. Tulianza na "kufifia". Akalikataa: "Dada, kinachofifia ni kanga. Ikishafifia hairudi. Mtandao unarudi." Nikakosa jibu. Bibi ndiye aliyetutoa, bila kujua tunatafuta nini: "Leo mtandao umezimia mara mbili." Anayezimia huzinduka. Tukaandika.

Mbinu ya antena mbili imetushinda bado. Hesabu yake ni tamu: kama antena moja ina nafasi 1 kati ya 10 ya kuzimia, mbili zisizotegemeana zina nafasi 1 kati ya 100 ya kuzimia kwa pamoja. Tafsiri ya moja kwa moja ya jina lake ni "utofauti", neno lisilomwambia bibi chochote. Mdogo wangu anataka "akiba". Mimi naona akiba hukaa ikisubiri, wakati antena zote mbili ziko kazini muda wote. Pale kwenye daftari tumeacha mstari mtupu.