Nyumba Kubwa za Kasongo: Mali Yake Ilienda Wapi?

Labda umekwisha kupita Kasongo ukienda Kabambare kutafuta maisha, na hukusimama. Safari nyingine ukipita, uliza njia ya Tongoni. Usitazamie kukuta majumba. Wazee wa Kiswahili huita "tongo" mahali palipohamwa na watu, na jina lenyewe linakwambia yote.

Hapo ndipo iliposimama Kasongo ya zamani. Tangu miaka ya 1870 mkubwa wake alikuwa Hamed bin Muhammad el Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimpa cheo cha liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Baadaye alirudi Zanzibar, asionekane tena huku. Mji akauachia mwanawe, Sefu.

Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Kamanda Dhanis waliuteka mji. Daktari wao Mwingereza, Hinde, aliandika mambo aliyoyaona. Chumba alichojichagulia kilikuwa na urefu wa karibu metre 24, na mlango wake ulifungukia bustani ya machungwa. Hata askari wa kawaida walilalia magodoro ya hariri, juu ya vitanda vya nakshi vyenye vyandarua. Kulikuwa na mishumaa, sukari, vikombe vya fedha. Haya yote katikati ya Maniema!

Sasa kijana, jiulize: mali ile ilipatikana kwa jasho la nani? Ilitoka katika pembe za ndovu na katika watu. Watumwa ndio waliolima mashamba, na misafara ilibeba pembe kichwani kupitia Kabambare mpaka ziwa Tanganyika, halafu Ujiji, halafu pwani. Wengi walikwenda na hawakurudi.

Kabambare nayo ina habari ya nyumba, tena ya mgonjwa. Mwaka 1870 Livingstone alikaa huko. Yeye alipaita Bambarre. Vidonda vya miguu vilimfungia ndani siku 80. Ona jambo hili: alichukia biashara ya watumwa kabisa, lakini wafanyabiashara wale wale ndio waliomsaidia kuishi. Januari 1894 Kabambare pia ilitekwa, na enzi ya wakubwa wale ikaisha. Lakini tusidanganyane: Dola Huru la Kongo lililowafukuza halikuja na mikono safi. Nalo liliwatoza babu zetu pembe na mpira kwa nguvu.

Basi, kilibaki nini? Tippu Tip alifia Zanzibar mwaka 1905, na nyumba yake ya mawe ingali imesimama pale Mji Mkongwe. Pembe zilitoka huku; nyumba ya mawe iko kule. Kwetu kuta za udongo zimerudi kuwa udongo. Kilichobaki Maniema ni kile kilichoshikwa na watu wa kawaida: mchele tunaoula na Kiswahili hiki unachosoma. Hata miaka hii wataalamu wanapochimba Tongoni kutafuta habari za kale, wanahitaji pia masimulizi ya wazee.

Leo Kabambare ina dhahabu ya Namoya. Wewe baba unayeshuka shimoni, na wewe mama unayeuza chakula kwa wachimbaji, mnajua vizuri namna makuta yanavyoingia na kutoka. Yakiingia, yabakize kitu hapa hapa: mtoto aliyemaliza shule, kisima, shamba, nyumba ya matofali ya kuchoma.

Na mkikuta kuta za zamani au vigae, msivivunje kwa kutafuta hazina. Hazina iliondoka zamani.

Ya kuzungumza nyumbani:
1. Mzee gani kwetu anajua habari za Tongoni au za misafara? Mwendeeni mapema.
2. Machimbo yakifungwa kesho, familia yetu itabaki na nini?