Laptopu ya gemu kati ya Migori na Homa Bay: hesabu ya wati, kilo na joto

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi zilinibana. Leo nataka nijibu swali ambalo marafiki wa hapa Migori wananiuliza kila wanapoiona mashine yangu: mtu akitaka laptopu ya gemu, au kipakatalishi kama wasemavyo walimu wetu wa Kiswahili, achague ipi na aitayarishe vipi?

Kwanza niwaeleze hali yangu, maana ushauri usiojua hali ya mtu haufai. Naishi Migori mjini na kazi yangu ni kuwaandikia wateja programu. Karibu kila Ijumaa napanda matatu kwenda kwa dada yangu Homa Bay: Uriri, Awendo, Rongo, halafu Rodi Kopany mpaka ziwani. Jumapili jioni narudi. Laptopu nasafiri nayo kwa sababu ndiyo duka langu. Ikifa leo, kesho sina cha kumwonyesha mteja, na kodi ya nyumba haisubiri.

Halafu kuna mpwa wangu. Amemaliza kidato cha nne na anajifunza Blender na Godot, programu mbili za bure, moja ya kuchora vitu vya 3D na nyingine ya kutengeneza gemu. Si ndoto ya ajabu. Mwaka 2015 Mkenya Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, gemu ya kupigana na wavamizi kutoka anga za juu ndani ya jiji la Nairobi. Lakini kompyuta ya zamani pale nyumbani ikianza kuchora picha moja ya Blender, unaweza kupika chai, ukanywa, ukaosha kikombe, na bado inachora. Basi nilitafuta mashine moja kwa kazi tatu: mkate wangu, masomo ya kijana, na gemu zetu sote wawili.

Jambo ninalotaka mkumbuke ni hili. Siku hizi mashine yenye nguvu si ngumu kuipata. Kazi ni kupata nguvu ambayo utaweza kuibeba, kuipoza na kuipatia umeme mahali unapoishi.

Haya, tuanze.

1. Uliza wati, usiishie kwenye stika

Wengi wanasoma stika tu: RTX 3060, RTX 4060, basi. Kwenye laptopu jina hilo ni nusu ya habari. Kadi ya michoro ya RTX 4060 ya laptopu inaruhusiwa na NVIDIA kupewa wati 35 hadi 115. Ni uamuzi wa mtengenezaji wa laptopu. Kwa hiyo mashine mbili zenye stika moja zinaweza kupishana sana kwa mwendo, na ile nyembamba ndiyo kwa kawaida hupewa wati chache.

Nilipokuwa dukani mazungumzo yalikwenda hivi:

"Bosi, hii ni 3060, inabeba gemu zote."
"Ni ya wati ngapi?"
"Chaja yake kubwa sana bosi, ishike mwenyewe."

Nilicheka, lakini alikuwa muungwana, akaiwasha nikague. Kwenye Windows unafungua paneli ya NVIDIA, unaingia sehemu ya taarifa za mfumo, na kiwango cha juu cha wati kimeandikwa pale. Ni kazi ya dakika mbili. Angalia pia kumbukumbu ya kadi yenyewe: 3060 ya laptopu ina gigabaiti 6, 4060 ina 8. Kwa Blender hili ni muhimu, kwa sababu mchoro usipoenea kwenye kumbukumbu ya kadi, kazi inakwama au inakuwa polepole kama zamani.

2. Pima na chaja

Laptopu ya gemu ya inchi 16 mara nyingi huwa na kilo 2 na nusu hivi, na bado hujaweka chaja. Katika matatu ya abiria 14 begi linakaa mapajani, na mbele yako kuna goti la mtu na kuku wa mtu mwingine. Nilijiwekea sharti la inchi 14.

Nilinunua ASUS ROG Zephyrus G14 ya mwaka 2021, iliyotumika. Ina kilo 1.6, Ryzen 9 na RTX 3060 ya wati 80. Ina mapungufu yake na niliyajua kabla ya kulipa. Haina kamera, kwa hiyo kwa mikutano na wateja natumia kamera ndogo ya USB. Sehemu ya RAM imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, na nafasi ya kuongeza ni moja tu. Nafasi ya SSD pia ni moja. Mtu anayekaa mahali pamoja asinunue hii. Achukue kubwa yenye nafasi mbili mbili, atapata nguvu zaidi kwa pesa zile zile.

3. Stima

Chaja ya mashine hii ni ya wati 180. Ni nyingi au kidogo? Kule kwetu kuna mtambo wa umeme wa Gogo, kwenye mto Kuja, uliojengwa miaka ya 1950 ili kuupatia umeme mgodi wa Macalder. Uwezo wake ni megawati 2. Piga hesabu: mtambo mzima ungeendesha laptopu kama yangu 11,000 na kidogo, zote zikicheza gemu, na kusibaki kitu cha kuwasha hata balbu. Mgodi mzima ulitegemea umeme huo. Tangu nipige hesabu ile, wati nimezipa heshima.

Kwa dada kuna sola na inveta ndogo. Ukichomeka chaja ya wati 180 pale, inveta inapiga kelele. Ndiyo maana nilisisitiza laptopu inayokubali kuchajiwa kwa USB-C. Hii inapokea hadi wati 100 kwa njia hiyo, na chaja yake inaingia mfukoni. Kwa kuandika programu inatosha kabisa. Chaja kubwa naitoa kwa ajili ya gemu na Blender tu.

Betri ni ya watisaa 76. Nikiandika kodi mashine inakula wati 12 hivi, nusu ya hiyo skrini ikiwa imepunguzwa mwanga: 76 gawanya kwa 12, saa 6. Nikicheza gemu, saa moja haifiki. Mnakumbuka tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipoingia karibu nchi nzima? Usiku kama ule ndio unaamua kama una chombo cha kazi au sahani ya chuma. Na stima ikirudi isikute chaja imechomekwa wazi. Tumia kile kifaa cha kulinda friji kinachosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme.

4. Joto na wadudu wa ziwani

Migori kuna joto la wastani. Homa Bay, chini kule ziwani, ni habari nyingine, hasa chini ya mabati. Feni haiwezi kuipoza mashine kuliko hewa inayovuta.

Na kuna jambo ambalo hutalisoma kwenye tathmini za Ulaya: wadudu wa ziwani. Msimu wao ukifika wanatoka Ziwa Viktoria kama moshi na kufuata mwanga wowote usiku. Skrini ni mwanga. Feni inavuta. Utajaza mwenyewe. Mimi usiku nafanya kazi ndani ya neti, laptopu juu ya ubao na kamwe si juu ya godoro, maana hewa inaingilia chini. Kila baada ya miezi mitatu nafungua kifuniko cha chini na kusafisha feni kwa brashi laini ya rangi, mashine ikiwa imezimwa na feni nimezishika zisizunguke.

5. Kuitayarisha

Nilichofanya, kwa mpangilio:

- Nimezima mwendo wa ziada wa prosesa. Ryzen 9 hii hupenda kuruka hadi gigahezi 4.6 kwa kazi ndogo na kutoa joto la bure. Kabla, gemu iliipeleka nyuzi 90 na zaidi. Sasa haivuki 80, na katika gemu tofauti ya mwendo siioni.
- Nimefunga gemu kwenye fremu 60 kwa sekunde.
- Betri inachajiwa hadi asilimia 80 tu siku za kawaida. Betri ya lithiamu iliyojazwa kabisa na kukaa kwenye joto huzeeka haraka. Siku ya safari naijaza yote.
- Nimeweka Linux kwa kazi. Gemu nyingi za Windows zinakubali humo kupitia Proton, ambayo Valve waliitoa mwaka 2018. Zile zenye ulinzi mkali dhidi ya wadanganyifu bado zinagoma, kwa hizo nimebakiza Windows pembeni.
- Gemu sizipakui kwa bando. Baldur's Gate 3 peke yake inataka gigabaiti 150. Rafiki yangu ana intaneti ya nyumbani. Tangu 2023 Steam inaruhusu kompyuta moja kunakili gemu kutoka kwa nyingine ndani ya mtandao mmoja. Kila mtu awe amenunua yake, kisha router ya rafiki inafanya mengine.

Mpwa wangu alipoona ninavyofunga hiki na kile aliniuliza, "Mjomba, mbona umenunua nguvu halafu unaifunga?"

Nikamwambia aiangalie matatu tunayopanda. Tangu sheria za Michuki zianze kazi mwaka 2004, matatu inatakiwa iwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Injini inaweza zaidi. Lakini kidhibiti hakijawekwa kwa ajili ya injini, kimewekwa kwa ajili ya waliomo ndani. Laptopu hii imebeba kodi yangu ya nyumba na masomo yake. Nataka ifike mwaka wa tano.

Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama anaweza kufungua kidhibiti hicho wakati wa kuchora kwenye Blender. Nilimruhusu: mchana, mezani, chaja kubwa ikiwa imechomekwa na mlango uko wazi. Picha iliyokuwa ikichukua muda wa kupika chai sasa inatoka kabla maji hayajachemka.

Ukienda dukani basi, beba maswali manne: wati ngapi, kilo ngapi pamoja na chaja, inachajiwa kwa USB-C, na kifuniko cha chini kinafunguka kwa skrubu za kawaida? Anayeweza kukujibu yote manne, kaa naye mzungumze bei.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaandika jinsi ya kugawa SSD moja kwa Linux na Windows bila kupoteza kazi yako. Kwa leo alamsiki.