Kakamega Hadi Mpakani, na Bima Iliyogoma Njiani

Barabara itokayo Kisumu kwenda Kakamega ina utamu wake kwa mwanamke apendaye usukani. Hupanda kwa mizunguko baina ya mawe makubwa ya Maragoli, ikavuka ikweta, ikapita mashamba ya chai na migomba, hata ikafika Ilesi, ambako Jiwe la Kulia limesimama kando ya njia likichirizika maji. Tulikuwa tumetoka Mombasa, zaidi ya kilomita 800, na wala sikuchoka.

Safari yenyewe ilikuwa ya Tororo. Binti wa shangazi yangu aliyeolewa huko alijaaliwa mtoto, na akika ilipangwa Jumamosi. Kutoka Kakamega mtu hushika njia ya Mumias, kisha Busia, na hapo ndipo mpakani. Ni mwendo wa asubuhi moja.

Mumias si pageni kwa watu wa pwani. Zama za Nabongo Mumia, misafara ya wazee wetu ilipumzika pale ikielekea Buganda, na Uislamu ukaota mizizi ambayo haijang'oka. Jambo lisilokumbukwa na wengi ni kuwa sehemu zote hizi, Kakamega ikiwamo, zilihesabiwa kuwa Uganda hadi mwaka 1902, Waingereza walipousogeza mpaka. Tangu hapo jamaa wa damu moja wakajikuta katika nchi mbili.

Mpaka huo ndio uliotukwamisha. Sheria ya Kenya humlazimisha kila mwenye gari kukata bima ya madhara ya mtu mwengine, lakini nguvu za bima hiyo hukoma Busia. Kwa sababu hiyo nchi za ukanda huu zilianzisha Kadi ya Njano, ambayo leo yajulikana kwa jina la COMESA. Mkataba wake ulitiwa saini Addis Ababa mwaka 1986. (Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kadi haikuiacha.) Kadi hulipa madhara ya mtu mwengine kwa mujibu wa sheria ya nchi uliyoingia, pamoja na matibabu ya dereva na abiria wake. Gari lako likipondeka, hilo laomba makubaliano mengine na kampuni yako.

Kwa sheria yenyewe sina ugomvi. Mtoto wa Tororo akigongwa na gari la mgeni ana haki ya kulipwa kama mtoto wa Kisauni. Kilichonikera ni wakala wetu, niliyemwuliza mwezi mzima kabla ya safari, akajibu kwa ulimi laini kuwa bima yangu yatosha Afrika Mashariki yote. Alhamisi, mjini Kakamega, ofisi moja ya bima ikatwambia kadi sharti itoke kwa kampuni iliyolikatia gari bima. Tukapiga simu Mombasa. Tukaambiwa tungoje. Ijumaa baada ya sala tukaambiwa Jumatatu, inshallah.

Akina mama wenzangu, kabla ya kufunga mizigo iombeni kadi yenyewe mkononi, na msome nchi zilizoandikwa humo. Neno la wakala halisomwi na askari wa mpakani.

Jumamosi alfajiri gari lilibaki uani kwa mwenyeji wetu. Tukapanda matatu hadi Busia, mama mkwe akipakata kapu la halwa na kashata, tukavuka kwa miguu. Tororo tulifika nyama ya akika imekwisha kugawiwa, lakini shangazi alikuwa ametuwekea fungu letu.