Motokaa Iliyosimama Mtelemkoni

Sisi wakaaji wa Bukavu twakaa mtelemkoni. Nyumba zetu, shule zetu, soko la Kadutu, hata njia tunazopita kwenda Misa, zote hupanda au hushuka kuelekea ziwa Kivu. Mtoto akiangusha chungwa mlangoni, huliokota kwa jirani wa chini. Basi yafaa leo tuseme neno juu ya motokaa, wala si ile inayokimbia, bali ile iliyosimama. Maana inayokimbia kila mtu huikwepa. Iliyosimama watu huweka vikapu vyao kando yake wakitafuta kivuli.

Motokaa iliyosimama mtelemkoni haikupumzika. Uzito wake waivuta mchana na usiku. Njia ikishuka meta 10 kwa kila meta 100, karibu sehemu moja ya kumi ya uzito huo yavuta kwenda chini. Motokaa ndogo ya kilo 1,200 huvutwa kama kwa kilo 120, nazo ni zaidi ya gunia zima la mahindi. Kamio ya kilo 10,000 pamoja na mzigo wake huvutwa kama kwa kilo 1,000. Je, shofere akiisha kushuka, ni nini kinachoishika? Mara nyingi ni waya wa freni ya mkono tu. Waya hulegea kwa miaka, na freni yenyewe huliwa. Tena katika motokaa zenye freni za sahani, chuma kilichopata moto safarini hupoa na kunywea, na nguvu ya kushika hupungua. Ndiyo sababu motokaa yaweza kusimama kitambo kizuri, kisha ikaondoka bila mtu.

Shofere mwenye akili hategemei kitu kimoja. Kwanza hutafuta mahali palipo sawa, hata ikimbidi kutembea kidogo kwa miguu. Pasipopatikana, hukanyaga freni ya mguu, huvuta sana freni ya mkono, kisha huachilia mguu polepole aone kama motokaa yatulia. Ikitulia, huzima mashine na kutia vitesi: ya kwanza kama pua ya motokaa yatazama juu, ya nyuma kama yatazama chini. Hapo mashine yenyewe husaidia kuzuia magurudumu. Katika motokaa za siku hizi zinazobadili vitesi zenyewe, avute freni ya mkono kabla ya kuachilia mguu, asiache uzito wote ulalie kijino kidogo cha chuma.

Kisha ageuze magurudumu ya mbele. Katika nchi yetu twapita upande wa kuume, na kuume ndiko tunakosimama. Motokaa itazamayo chini, magurudumu yageuzwe kuume, ili ikiponyoka iingie kando, isiende katikati ya watu. Itazamayo juu, yageuzwe kuume vilevile, na ikirudi nyuma itaelekea kando. Lakini penye ukingo mrefu wa saruji yageuzwe kushoto, gurudumu la mbele lipate kuegemea ukingo. Walakini milimani kwetu kando ya njia pengine ni korongo, kama katika kushuka Ngomo, njia ya Kamanyola na Uvira. Hapo tusifuate sheria kama kasuku. Tusisimame upande wa korongo. Twende mbele mpaka ukuta wa mlima uwe kuume kwetu.

Mwisho ni jiwe, au kipande cha mti kilichochongwa, chini ya gurudumu, upande wa mtelemko. Vijana wa kamio waijua sana kazi hiyo. Lakini tutazame yanayofuata. Kamio yaondoka, kijana arukia nyuma, jiwe labaki njiani. Usiku mwenye pikipiki, amepakia mke na mtoto, alikuta gizani. Jiwe lililookoa watu mchana laua watu usiku.

Katika kitabu cha Kutoka twasoma habari ya mtu aliyechimba shimo asilifunike: ng'ombe wa mwenzake akitumbukia, mwenye shimo hana budi kulipa. Katika Kumbukumbu la Sheria, ajengaye nyumba aamriwa kuweka ukingo juu ya dari, mtu asianguke, na damu isiwe juu ya nyumba hiyo. Katika sheria hizo hatusikii habari ya mwizi wala ya mwenye chuki. Ni mtu aliyekwenda zake tu. Basi Mungu atudai hata yale yatokeayo tukiisha kugeuza mgongo. Mwaka 2007 Vatikano ilitoa amri kumi za mashofere, na ya kwanza ni ile ile ya Sinai: Usiue.

Wako wanaosema: motokaa hii ilibarikiwa na padri, ina sanamu ya Mtakatifu Kristofa, mawe ya nini? Na ikiponyoka wasema imerogwa. Baraka ni sala kwa ajili ya watu. Haikazi waya uliolegea. Wala mchawi hana kazi pale ambapo freni imekufa miezi mitatu, na mwenye motokaa ameona uchungu kutoa franga za fundi.

Nasi tusio na motokaa tuna kazi yetu. Tusiwaache watoto wacheze nyuma ya kamio iliyosimama. Mama zetu wasitandaze biashara chini yake, hata jua likiwa kali. Abiria akiona shofere ashuka bila kutazama magurudumu, amwulize kwa heshima, na shofere asikasirike. Na yeyote akutaye jiwe njiani aliondoe, hata kama si yeye aliyeliweka.

Mwanadamu tunayeagizwa kumpenda, mara nyingi hatumwoni. Yuko chini ya mtelemko, ametupa mgongo, anapima unga wake sokoni. Tumpende kwa jiwe tuliloliweka vema, na kwa jiwe tulilokumbuka kuliondoa.