Siku Moja Unguja na Shofere wa Kukodi

Watu mingi wa kwetu wanakwenda Dar es Salaam. Kuna wafanya biashara wa Lubumbashi na Kolwezi wanaokwenda kununua vitu, na wengine wanakwenda kuchukua motokari zilizoshuka katika meli. Wanalala kule juma moja, hata juma mbili, wakingojea karatasi. Lakini ukiwauliza: «Ulifika Zanzibar?» wanacheka. «Ile ni ya Wazungu, Pasta. Sisi tutafanya nini kule?» Na kumbe meli ya kuvuka inachukua kama saa mbili tu.

Mimi pia nilisema hivyo miaka mingi. Lakini mwezi wa 8 wa mwaka 2019 tulikuwa Dar es Salaam kwa mkutano, sisi wane: mama ya watoto, binti yetu wa miaka 16, shemasi mmoja, na mimi. Mkutano ulipokwisha tulibaki na siku tatu mbele ya kurudi. Binti akasema: «Papa, tumetoka Kamina kwa treni, tumepanda basi inchi mbili, na sasa tutarudi bila kuona bahari vizuri?» Mama yake akamuunga mkono. Basi tukavuka.

Lakini nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikuisema mara moja. Bibi yangu, mama wa baba, alikuwa na habari moja aliyotuambia jioni. Kaka wa babu yake alikwenda kutega samaki kwenye mto Lovoi, hakurudi. Watu wa misafara walikuwa wamepita. Bibi aliposema neno «pwani» alinyosha mkono mashariki, kama vile ni mahali pa nyuma ya mwezi. Tangu utoto nilitaka kuona ile pwani.

Kushuka melini, watu wakatuzunguka. Wazanzibari wenyewe wanawaita papasi, maana yake wale wadudu wadogo wanaoshika ngozi na hawatoki. Mmoja alisema Kifaransa kidogo, na sisi, kwa kusikia Kifaransa, moyo ukalegea. Akasema ana motokari nzuri, atatuzungusha kisiwa chote, lakini anaomba dola 20 mbele kwa ajili ya petroli. Nikampa. Tukasimama chini ya jua na mizigo yetu zaidi ya saa moja. Hakurudi. Ile feza ilikuwa ya mama ya watoto, ya kuuza mikate, na hakuniambia neno hata moja. Kunyamaza kwake kulinipiga kuliko kelele. Shemasi ndiye aliyesema: «Miye sipande tena motokari ya mutu ya hapa. Tutembee na miguu, njo vile.»

Ndugu msomaji, usitoe feza kwa mutu usiyejua nyumba yake wala namba ya motokari yake. Hata Lubumbashi hatufanyi vile. Sijui kwa nini nilifanya vile kule.

Mama mwenye nyumba ya wageni tulipolala alisikia habari yetu, akasikitika, akamtuma mtoto kumwita muzee mmoja wa mtaa wake. Akaja jioni, mutu wa miaka kama sitini, na kofia nyeupe iliyoshonwa kwa mkono. Motokari yake ilikuwa Toyota Noah, ya zamani lakini safi. Nikamwambia: «Baba, tunahitaji motokari na shofere kesho, kutoka asubuhi mpaka jioni.» Akatabasamu. «Shofere ndiyo nani? Ah, dereva! Nyinyi mmetoka Kongo.» Akaomba dola 70. Nikasema 40. Tukaenda polepole mpaka 55.

Na pale nilijifunza kitu. Muzee hakuridhika na bei tu. Aliomba karatasi, akaandika: petroli ni juu yake, kungojea ni juu yake, viingilio vya mahali ni juu yetu, safari ni mjini, Bububu, mashamba ya viungo, Mangapwani, na kurudi, kwisha saa kumi na mbili jioni. Kiisha akasema: «Na kesho ni Ijumaa. Saa sita na nusu nitasimama msikitini. Mkikubali, sawa. Msipokubali, tafuteni mwingine, hatutagombana.» Akatupa namba ya simu na namba ya motokari. Hakuomba feza mbele. Shemasi akaangalia ile karatasi mara mbili, akasema: «Huyu anajua kazi.»

Vijana wengine watauliza: kwa nini kulipa shofere, kama mutu anaweza kukodi motokari peke yake na kuiendesha? Kwanza, mgeni anahitaji ruhusa ya Zanzibar ya kuendesha, na polisi wanasimamisha motokari barabarani na kuiomba. Pili, kule wanapita upande wa kushoto. Sisi Katanga tumezoea motokari zenye usukani wa kuume, kwa sababu zinatoka huko huko Dar es Salaam, lakini barabara yetu ni ya kuume. Asubuhi ile shemasi alikaa mbele, na kila motokari ilipotokea mbele yetu alikanyaga chini kwa mguu kama vile ana breki. Muzee alicheka mpaka machozi. Kuna pia dala-dala za bei ndogo, zinafika vijiji vingi, na kama uko peke yako na una wakati, panda hizo. Lakini sisi tulikuwa wane na siku moja.

Tulianza saa mbili. Mji Mkongwe una njia nyembamba, motokari haiingii. Muzee alitushusha kando, akasema atangojea pale pale. Tulikwenda kwa miguu mpaka Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa. Soko lile lilifungwa mwaka wa 1873, wakati Sultani Barghash alipotia sahihi patano na Waingereza tarehe 5 ya mwezi wa 6. Waanglikana walijenga kanisa juu ya kiwanja kile kile, na watu waliabudu ndani yake mara ya kwanza siku ya Noeli ya 1877. Altare imewekwa pale uliposimama mti wa kupigia watumwa viboko. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi na aliyetafsiri Maandiko kwa Kiswahili, amezikwa nyuma ya altare. Kuna msalaba mdogo uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, kule moyo wa Livingstone ulipozikwa mwaka ule ule wa 1873. Chitambo iko Zambia, si mbali na mpaka wetu.

Inje, katika shimo la saruji, wamesimamisha sanamu tano za watu wenye minyororo shingoni. Zilitengenezwa mwaka wa 1998. Binti yetu alizitazama kwa muda mrefu. Akauliza: «Papa, hawa ni watu wa wapi?» Nikamwambia wengi walitoka upande wa Ziwa Nyasa, wengine Unyamwezi, wengine kwetu Kongo. Nikamweleza juu ya Msiri wa Bunkeya, ginsi alivyouza pembe, shaba na watu, wengine kwa njia ya mashariki na wengine kwa njia ya Angola, mpaka alipouawa mwezi wa 12 wa 1891. Nikamweleza juu ya Tippu Tip, ambaye jina lake ni Hamed bin Muhammad, aliyefanya makao Kasongo, na mwaka wa 1887 Mfalme Leopold akamfanya liwali wa Stanley Falls. Nyumba yake bado iko mjini, na mlango wa mbao zilizochongwa. Alikufa humo mwaka wa 1905. Pale nikamwambia binti habari ya kaka wa babu wa bibi. Hakuwa ameisikia.

Tuliporudi, muzee alikuwa pale pale, kama alivyoandika.

Bububu ilitufurahisha kwa sababu sisi ni watu wa reli. Muzee alituonyesha njia ambako treni ndogo ilipita kutoka mjini mpaka Bububu. Ilianza mwaka wa 1905 na ikafa katika miaka ya 1920. Nikamwambia: miaka hiyo hiyo treni yenu ilipokuwa inakufa, yetu ya Kamina ilikuwa inazaliwa, maana mwaka wa 1928 BCK walimaliza njia ya Bukama mpaka kule kunakoitwa leo Ilebo. Akasema: «Na yenu ingali hai?» Nikamjibu: «Inapumua.»

Katika mashamba tuliona karafuu, mdalasini, hiliki na kungumanga. Mama alinunua karafuu nyingi mno. Karafuu ndizo zilizofanya kisiwa hiki kuwa tajiri katika karne ya 19, na waliozipanda na kuzichuma walikuwa watumwa. Kumbe ile harufu nzuri ina habari yake.

Saa sita na nusu muzee alisimama karibu na msikiti wa kijiji. Tulingojea chini ya mwembe karibu saa moja. Hakuna aliyenung’unika, kwa sababu tulikubali tangu jana. Kiisha tulikwenda kula samaki na wali wa nazi. Muzee alikwenda kukaa kwenye benchi la peke yake, mbali. Binti akamfuata: «Babu, kuja tukule.» Alikataa kwanza. Akasema wageni hawapendi. Mama akamtengenezea nafasi, akaja.

Mangapwani ni kama kilomita 20 kaskazini ya mji. Pana pango la maji baridi, na mbali kidogo pana chumba kilichochimbwa katika jiwe la matumbawe, na ngazi ya kushuka. Baada ya 1873, soko lilipofungwa, biashara haikufa, ilijificha. Watu walifichwa katika chumba kile mpaka usiku, ndipo wakapelekwa majini. Unashuka, na mara hewa inakuwa nzito. Nilihesabu pumzi zangu. Shemasi alitoka mbele yetu.

Muzee hakushuka. Kwa kawaida dereva anakaa katika motokari. Lakini tulipotoka tulimkuta amesimama karibu na mlango, amevua kofia. Akaniuliza: «Bwana, nyinyi kule kwenu mnawajua Wamanyema?» Nikasema ndiyo, Maniema ni jimbo, liko kaskazini yetu. Akasema: «Bibi yake bibi yangu aliitwa Mmanyema. Nyumbani hatukuuliza zaidi. Ilikuwa kama aibu.»

Nilikaa kimya. Kiisha nikamwuliza kama kuna neno moja la lugha yake lililobaki katika familia. Nikamtajia kwa Kiluba: maji tunaita mema, kwa kushukuru tunasema wafwako. Alisikiliza kila moja kwa makini, akatikisa kichwa. «Hapana. Silijui.» Na ni haki asijue. Pwani waliita Wamanyema watu wa makabila mengi, wote waliotoka ng’ambo ya Ziwa Tanganyika. Labda bibi yule hakuwa Mluba hata kidogo. Sikutaka kujidanganya wala kumdanganya yeye. Lakini tulikuwa tunasemezana bila mkalimani, na Kiswahili chetu cha Katanga kilifika kwetu kwa misafara ile ile, mbele ya Wabelgiji na mbele ya migodi. Muzee akasema: «Kwa hiyo maneno yalikwenda kwenu, na watu wakaja huku.» Akavaa kofia.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Binti alisikia habari ya Nungwi, kule wanakojenga majahazi, akaomba twende. Nami nikasema: Baba, ni mbele kidogo tu, tufikishe. Akatoa ile karatasi mfukoni. Nilianza kukasirika, nikafikiri: baada ya maneno haya yote, bado karatasi? Akanieleza polepole. Motokari si yake. Kila jioni anapeleka feza kwa mwenyewe, ameuza au hakuuza, kama shofere wa teksi wa Lubumbashi wanavyofanya. Nungwi ni kaskazini kabisa, na petroli ya kwenda na kurudi ingekula faida yake yote ya siku. Nikanyamaza. Asubuhi ile karatasi ilinilinda mimi, na sasa ilimlinda yeye. Tulirudi mjini.

Kwa wanaotaka kwenda: tangu tarehe 1 ya mwezi wa 10, 2024, Zanzibar ilianza kuomba wageni wa inchi za inje bima yake yenyewe, ilipoanza ilikuwa dola 44. Ulizeni Dar es Salaam mbele ya kununua tiketi ya meli.

Saa kumi na mbili kasoro tulifika mlangoni. Nilimhesabia dola 55, na mama akaongeza tano, akasema ni za sabuni, maana viatu vyetu vilijaza motokari mchanga. Muzee alipokea kwa mikono miwili. «Neno lile la kushukuru,» akasema, «liseme tena.» Binti akalisema: wafwako. Akalirudia mara mbili, vibaya, binti akamsahihisha. Kiisha akachukua ufagio mdogo chini ya kiti, akaanza kufagia, kwa sababu kesho yake alikuwa na wageni wa kupeleka Paje saa moja asubuhi.